Gitaa moja, masikio mawili

NIKISEMA neno pikapu, msomaji wangu, najua mawazo yako yamekwenda wapi. Umeona gari lililo wazi nyuma, limejaa magunia ya dagaa, linapanda kutoka Mwigobero huku watu wawili wamekaa juu ya mzigo wameshikilia kofia zao. Hiyo ipo, na siku ikituharibikia njiani nitaiandikia makala yake. Pikapu ya leo haibebi dagaa, inabeba sauti. Ni kile kipande cheusi au cheupe kinacholala chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho watu wengi ukumbini wanadhani ni pambo.

Nimeamua kukuletea habari zake kwa sababu msimu wa harusi umefika, kamati zinakaa kila Jumapili jioni, na katika kila kamati lazima azuke mtu mmoja wa kusema: "Jamani, hivi vyombo vya wazee havisikiki, tuweke mashine tu." Nimeyasikia maneno hayo Musoma, nimeyasikia Bunda, na mara ya mwisho niliyasikia kwenye kamati ya sendofu ya binti mmoja ambaye babu yake, anayeishi Butiama, ni mpiga litungu. Mimi napiga gitaa kwenye bendi ndogo ya maharusi, watu watano na kinanda. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa linanihusu.

Binti alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Ukumbi, keki, rangi za vitambaa, vyote aliwaachia wanakamati. Alichotaka ni babu yake ampigie nyimbo tatu siku ya kuagwa. Kamati ikamjibu kwa upole, kama kamati zinavyojua kujibu: babu atakaa meza ya mbele, atatambulishwa, atapigwa picha na litungu lake. Kupiga, hapana.

Na usidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa na sababu. Mwaka mmoja nyuma, kwenye harusi ya ukoo huo huo, mzee aliwekewa maikrofoni mbele ya litungu. Kila spika ilipopandishwa ili asikike, maikrofoni ikachukua sauti ya spika, spika ikairudisha, maikrofoni ikaichukua tena, na ukumbi mzima ukajaa mluzi wa kutoboa masikio. Watoto wakaziba masikio. Fundi mitambo akashusha sauti, mzee akawa anapiga peke yake kama mtu anayeongea dirishani wakati wa mvua ya mawe. Mshereheshaji akaona aokoe jahazi. Akasema, "Tumpigie babu makofi mengi!" Na babu akatolewa kwa makofi.

Toka siku hiyo, aliniambia binti, babu hakuliteremsha tena litungu ukutani mbele ya wageni.

Sasa tuingie kwenye chombo chenyewe. Ndani ya pikapu ya gitaa la umeme mna sumaku, na kuizunguka sumaku umeviringishwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko kwa maelfu. Katika magitaa mengi ya mtindo wa Fender mizunguko hiyo inakaribia elfu nane. Uzi wa chuma ukicheza juu yake unaitikisa nguvu ya sumaku, na nguvu ya sumaku ikitikisika, waya unatoa umeme kidogo sana. Umeme huo unakwenda kwenye amplifaya, unanenepeshwa, unatokea kwenye spika. Mmarekani George Beauchamp ndiye aliyelifanyia kazi jambo hili mwaka 1931, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, na gitaa lao la kwanza lilikuwa na umbo la kuchekesha, duara na mkono mrefu, hata likapewa jina la utani la kikaango.

Kikaango hicho ndicho babu wa magitaa yote ya dansi tunayoyajua. Bendi zetu za miaka ya 1970, Mara Jazz wana Sensera wakiwemo, solo lao na rizimu lao vilipita kwenye sumaku. Ile sauti tamu inayolia kama ndege wa asubuhi, inayokufanya mzee wa miaka sabini aache fimbo yake ukutani, ni uzi wa chuma juu ya sumaku.

Uzi wa chuma. Yashike hayo maneno.

Maana litungu la Kikurya halina chuma. Ni bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi nane. Nyuzi hizo zamani zilikuwa za mishipa ya mnyama, siku hizi ni nailoni, na kwetu huku pembeni mwa ziwa nailoni haiwi shida, maduka ya zana za uvuvi yamejaa mishipi ya kila unene. Lakini chukua sumaku ya spika mbovu uisogeze kwenye mshipi wa kuvulia sangara. Utasubiri mpaka jua lizame ziwani. Sumaku haiujui nailoni, haina habari nayo kabisa. Ndiyo sababu ukilifunga litungu pikapu ya gitaa, hata iwe ya bei gani, utapata kimya.

Kule Kinshasa walikuwa na bahati. Kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na marehemu Mawangu Mingiedi, lilichukua likembe, marimba yale ya kushikwa mkononi, na kuyatengenezea pikapu kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari mabovu. Vijiti vya likembe ni vya chuma, sumaku ikaelewana navyo mara moja, na sauti ikawa ya kukwaruza na kuchemka mpaka Ulaya wakaipenda. Album yao ya Congotronics ya mwaka 2004 iliwatembeza dunia. Dawa yao ni nzuri, ila kwa litungu haifai.

Dawa ya litungu iko jikoni kwako. Chukua kile kiberiti cha kuwashia jiko la gesi, bonyeza. Tik! Cheche imeruka. Hakuna betri, hakuna jiwe la kusugua kama kwenye viberiti vya zamani. Umeme umetoka wapi? Umetoka kwenye kipande kidogo cha kauri ambacho umekigonga kwa nyundo ndogo iliyofichwa ndani. Kuna vitu vya namna hiyo hapa duniani, ukivibana vinatoa umeme. Na ukivigeuzia kibao, ukavipa umeme, vinatikisika. Vinaitwa piezo. Wafaransa wawili ndugu, Jacques na Pierre Curie, waligundua tabia hii mwaka 1880. (Pierre ndiye yule ambaye baadaye alimuoa Marie, na mwaka 1903 wakapata pamoja tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine.)

Moja ya mawe waliyoyapima ndugu hao ni kwatsi. Usinikunjie uso, unaijua. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Buhemba, wilaya hiyo hiyo ya Butiama, wanaiponda kila siku, lile jiwe jeupe ambalo dhahabu hulala ndani ya mishipa yake. Jiwe la namna hiyo hiyo, likitengenezwa kiwandani na kuchongwa dogo kuliko punje ya mchele, ndilo linaloendesha saa ya mkononi, likitikisika mara 32,768 kwa sekunde moja bila kuchoka.

Kwa kazi ya muziki hatutumii jiwe bali kauri iliyobandikwa kwenye kisahani cha shaba, kipana kama sarafu. Kama uliwahi kuletewa ile kadi ya Krismasi inayoimba ukiifungua, ukaichana kuona nani amejificha ndani, basi kile kisahani cha njano chenye doa jeupe ndicho chenyewe. Kwenye kadi kinapewa umeme kiimbe. Sisi tunakigeuza: tunakibandika kwenye chombo kinachoimba, kitupe umeme. Kwa kuwa kinasikia mtikisiko wa mti na si chuma, hakijali nyuzi zako ni za nini. Nailoni, mshipa wa ng'ombe, katani, vyote kwake ni sawa. Na hewa ya ukumbini hakiisikii sana, kwa hiyo ule mluzi wa maikrofoni unapungua mno.

Nilikwenda Butiama siku ya Jumatano. Unashuka Makutano, unashika barabara ya Butiama, na wageni wengi wa njia hiyo wanakwenda kwenye kaburi la Mwalimu na kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule alioaga dunia. Mimi nilipitiliza. Mzee nilimkuta chini ya mwembe anachonga mpini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mura. Ndiye wewe wa mashine?"

Nikamwambia ndiye. Nikatoa kisahani mfukoni nikampa. Akakigeuzageuza, akakigonga kwa kucha, akakisogeza sikioni.

"Mtatoboa?"

"Hatutoboi, babu. Tunabandika, na siku ukitaka tunabandua."

"Maana hiki ni cha baba yangu. Ngozi nimebadili, nyuzi nimebadili sijui mara ngapi. Mti ni ule ule."

Akaingia ndani akaliteremsha. Msomaji, litungu la kweli si kitu cha kubeba kwapani. Ni kubwa, ni zito, na mzee alipoketi kigodani na kuliegemeza, alionekana kama mtu aliyekaa na mwenzake wa siku nyingi.

Nilikuwa na amplifaya ndogo ya betri. Tulianza kubandika kwenye ngozi. Ikatoka sauti ya ngoma, imevimba, nyuzi zimezama ndani yake. Tukahamishia kwenye mti wa juu, ikawa nyembamba kama nzi kwenye chupa. Mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyesema tuweke chini ya daraja, pale nyuzi zinapokanyaga ngozi, akataka na kipande cha mpira wa baiskeli katikati ili kisahani kisiwe kinagusana na mti moja kwa moja. Sikumuuliza amejuaje. Akavuta uzi wa kwanza, ule mnene.

Kuku walikimbia. Mzee akanyamaza, akavuta tena, safari hii taratibu, halafu akagonga ubavu wa bakuli kwa kidole. Goo. Na mgongo huo ukatoka kwenye spika ukiwa mzima kabisa, mti na ngozi na hewa ya ndani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Hapo ndipo shida ya gitaa langu ilipoanza. Nilikuwa nimekwenda nalo, nikajaribu kumfuata. Gitaa langu ni la umeme, la mti mzima usio na tumbo, pikapu mbili za sumaku, limetoka mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Kwa rumba na zouk halina neno. Lakini pembeni ya litungu lilisikika kama mtu aliyekuja msibani na suti ya kung'aa. Litungu lilikuja na kila kitu chake, vidole, kucha, pumzi ya bakuli, mguso wa mkono kwenye mti. Langu lilikuja na nyuzi peke yake. Sumaku haina habari na mkono wako wala na mti wako, inasikia chuma tu. Nilichohitaji kwa nyimbo tatu za mzee ni sauti ya gitaa kavu, na kwa nyimbo nyingine zote za usiku ule ni sauti ya sumaku. Na sisi tunaosafiri kwa bodaboda na basi hatuwezi kubeba magitaa mawili na bado tukawa na nafasi ya kubeba nguo za jukwaani.

Basi nikasema, kama piezo imemsaidia babu, iingie na kwangu, ikae nyumba moja na sumaku.

Fundi wangu ana kibanda pale Nyasho, anatengeneza redio, pasi, na siku hizi simu zaidi ya vyote. Nilipomweleza akaguna, akainama chini ya meza, akatoa gitaa jekundu. "Mdogo wangu, tazama hili kwanza," akasema. Lilikuwa la kijana wa kwaya, aliyesoma mahali kwamba piezo ni nzuri, akanunua kisahani, akakibandika chini ya daraja, halafu akachukua waya wa piezo na waya wa sumaku akavisokota pamoja kwenye jeki. Basi. Gitaa likawa bovu kuliko lilivyokuwa mwanzo. Piezo haina besi, inakwaruza tu kama mtu anayekwangua ukoko, na sumaku nayo imepoteza makali, inaongea kama ina kitambaa mdomoni.

Kwa nini? Hapa ndipo utamu wa jambo lenyewe ulipo, na fundi alinieleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa fizikia.

Sumaku ni mtu mkarimu. Umeme wake una njia pana, koili nzima ina ukinzani wa omu elfu sita au zaidi kidogo. Piezo ni kinyume chake. Inatoa msukumo wa umeme, lakini kiasi chenyewe ni kidogo mno, na inataka kukutana na mlango mgumu sana, omu milioni moja kwenda juu, ili isinyonywe. Sasa ukizifunga pamoja moja kwa moja, piezo inakuta ubavuni mwake kuna koili ya omu elfu sita, mlango uko wazi. Umeme wake wote unamwagikia huko. Besi ndiyo ya kwanza kufa, kwa sababu sauti nzito zinahitaji mlango mgumu zaidi. Na upande wa pili, piezo kwa asili yake ni kapasita, na kapasita ikikaa ubavuni mwa koili inakula sauti za juu. Kwa hiyo kila mmoja anamwibia mwenzake. Huyu anaiba besi, yule anaiba makali, na mwenye gitaa anabaki na makapi.

"Hawa hawawezi kuoana hivi hivi," fundi akasema. "Wanataka mshenga."

Neno hilo lilinifurahisha, maana sisi huku tunajua kazi ya mshenga. Familia mbili hazikutani uso kwa uso kupanga idadi ya ng'ombe, zitapigana. Anakwenda mtu wa kati, anasikiliza huku kwa utulivu, anapeleka maneno kule yakiwa yamepangwa. Mshenga wa gitaa ni transista moja, vipande vinne vitano vya ukinzani na kapasita, na betri ya volti tisa. Upande wa piezo, transista hiyo inaonyesha mlango mgumu, omu milioni kadhaa, piezo inaona imeheshimiwa na inatoa besi yake yote. Upande wa kutokea, umeme unatoka ukiwa na nguvu ya kukaa na sumaku bila kumezwa. Halafu kila mmoja anapewa kitufe chake cha sauti, na ndipo wanakutana.

Kibati chote kiliingia kwenye nafasi ya kibiriti cha njiti. Betri inatumika kidogo sana, inakaa miezi, na fundi alifunga jeki ya miguu mitatu ili ukichomoa waya wa gitaa betri izimike yenyewe. Kisahani kikakaa chini ya daraja na mpira wake wa baiskeli, kama tulivyojifunza Butiama.

Tulipowasha mara ya kwanza, kila moja peke yake ilikuwa safi. Tulipoziunganisha, sauti ikapungua badala ya kuongezeka, ikawa nyembamba, haina kifua. Fundi hata hakushtuka. Moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta, kwa hiyo zilikuwa zinafutana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani na huyu nje. Akageuza nyaya mbili za koili, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Akanipa gitaa. Nikapiga korodi moja tu, na jirani yake anayeuza mitumba akatoa kichwa nje kuuliza nani amekuja na gitaa kavu.

Nisikudanganye lakini. Wako watu wanaosema piezo inaligeuza gitaa la umeme kuwa gitaa kavu halisi. Si kweli. Gitaa langu halina tumbo, na piezo haiwezi kusikia tumbo ambalo halipo. Ukiiacha peke yake kwa sauti ya juu ina ukali fulani wa plastiki unaochosha masikio baada ya nyimbo mbili, ndiyo maana fundi aliongeza kapasita ndogo ya kuutuliza. Uzuri wake ni pale unapochanganya. Kwa masikio yangu, mafungu mawili ya sumaku na fungu moja la piezo ndiyo dozi: sumaku inatoa nyama, piezo inaleta kucha na mti, na ukigonga ubao kwa kiganja katikati ya wimbo watu wanasikia.

Wala mchanganyiko huu si uvumbuzi wa Nyasho. Kampuni ya Ovation, iliyoanzishwa na mtengenezaji wa helikopta Charles Kaman, ilikuwa inaweka piezo kwenye magitaa makavu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Na mwaka 1993 Mmarekani Ken Parker, pamoja na Larry Fishman, walitoa gitaa la Parker Fly, jepesi kupita kiasi, lenye sumaku na piezo ndani yake kwa pamoja na mshenga wake kabisa kutoka kiwandani. Bei yake tusiizungumzie kwenye gazeti la watu wenye ada za shule za kulipa. Fundi wangu hajawahi kuliona Parker Fly. Alipofungua michoro niliyomletea kwenye simu akatikisa kichwa akasema, "Kumbe na wao."

Tukarudi kwenye kamati. Nilimwomba mwenyekiti dakika tano kabla ya kikao, nikamleta mzee kwa gari la kukodi, tukachomeka waya. Mzee akapiga nusu wimbo. Mweka hazina, yule aliyekuwa mkali kuliko wote, akauliza swali moja tu: "Na ule mluzi?" Nikapandisha sauti. Hakuna mluzi. Akaandika kwenye daftari lake, babu nyimbo tatu.

Siku ya sendofu pale Bunda umeme ulikatika saa mbili usiku na tukaendelea kwa jenereta, na jenereta ndiyo adui wa sumaku, maana inaingiza muungurumo kwenye koili, uuuum, chini ya kila wimbo. Nikashusha sumaku, nikamwachia piezo kazi. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini ilisaidia, muungurumo ukapungua sana.

Mzee alipanda na kigoda chake. Kabla hajaanza akagonga ubavu wa litungu kwa kidole mara tatu, na ukumbi mzima, watu mia na ushee wanaokula na kuongea, ukageuka. Piezo inasikia kila kitu, mpaka pete yake ilipogusa mti tuliisikia, mpaka alipokohoa kifua kikiwa kimeegemea bakuli. Fundi mitambo alinitazama akitaka tupunguze. Nikamkatalia kwa macho.

Kulikuwa na tatizo moja tu ambalo transista haikuweza kulitatua. Litungu la mzee limefungwa kwa namna ya mzee. Halifuati kinanda, halijui funguo za kinanda, na nailoni inajilegeza kidogo kidogo. Mpiga kinanda wetu, kijana mzuri tu, akamwinamia akamwomba kwa heshima akaze nyuzi mbili ili walingane. Mzee akamtazama, akatazama vifunguo vya gitaa langu.

"Huyu ana vifunguo sita vya kukaza," akasema. "Anifuate yeye. Wewe vyako umefungiwa kiwandani, pumzika, mura."

Nikakaza, nikalegeza, nikamfuata. Ilinichukua karibu dakika nzima, na ukumbi ulisubiri. Binti akaja na shangazi zake mbele ya jukwaa wakaanza kucheza kwa mabega kabla hata ya mzee kuingia kwenye wimbo, kwa ule mgongo tu wa kidole kwenye mti. Nyimbo tatu zikawa tano. Mpiga kinanda alikwenda kula pilau.